Tukiahidi kumwombea mtoto aliye tumboni, tujue tunachoahidi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili hapa Uganda, wa makambini Kampala, wa Busia na Tororo, wa Arua na kwingineko, juu ya ahadi ya miezi tisa ya kumlea kiroho mtoto ambaye bado hajazaliwa. Kila Machi inapokaribia, karatasi za ahadi hiyo huzagaa makanisani na kwenye makundi ya WhatsApp. Baadhi zimenakiliwa vizuri. Nyingine zimeongezewa mambo mpaka msomaji hajui kama ameitwa kusali au amepewa hirizi. Sisi ni makatekista na wakunga, na maswali yanayotokana na karatasi hizo huishia kwetu. Mengi yasingeulizwa kama watu wangeelezwa utaratibu tangu mwanzo.

Ibada yenyewe ni ndogo. Ilianzia Warsaw, Poland, mwaka 1987, katika kanisa la Mapadre Wapaulini, ikichota wazo lake katika ujumbe wa Fatima wa mwaka 1917 wa kusali rozari na kufanya malipizi. Mtu anaahidi kwamba kwa miezi tisa atamwombea mtoto mmoja ambaye uhai wake uko hatarini tumboni mwa mama yake. Mtoto huyo anajulikana na Mungu peke yake. Kila siku husaliwa tendo moja la rozari, yaani Baba Yetu mara 1, Salamu Maria mara 10 na Atukuzwe mara 1, kisha sala fupi ya kumwombea mtoto na wazazi wake. Basi. Kwa mwendo usio wa kukimbizana ni kama dakika tano.

Tendo la kutafakari unachagua mwenyewe. Anayetaka kwenda na utaratibu wa Kanisa atachukua moja la Furaha Jumatatu na Jumamosi, la Uchungu Jumanne na Ijumaa, la Utukufu Jumatano na Dominika, na la Mwanga Alhamisi. Aliyekwisha kusali rozari nzima na familia jioni halazimiki kuanza upya. Anaweza kutoa tendo moja kati ya yale matano kwa nia ya mtoto wake, mradi alikusudie kabla ya kuanza, halafu amalizie na ile sala fupi.

Sala fupi ina sehemu nne. Unamwita Bwana Yesu. Unaomba kwa maombezi ya Maria aliyemzaa na Yosefu aliyemtunza. Unaomba uhai wa mtoto. Na mwisho unawaombea wazazi wake upendo na ujasiri wa kumwacha aishi. Sehemu ya nne ndiyo inayokatwa katika nakala nyingi ili karatasi itoshe, na kwa maoni yetu ndiyo isiyofaa kabisa kukatwa. Hatari inayomkabili mtoto mara nyingi inatokana na hofu ya mama yake: baba mtu amezima simu, karo imeshalipwa na shule itajua, nyumbani watamfukuza. Anayemwombea mtoto akamruka mama ameiacha nusu ya sala njiani.

Wengine wanayo sala nyingine, fupi zaidi, ya Askofu Mkuu Fulton Sheen wa Marekani, inayowaomba Yesu, Maria na Yosefu wamnusuru mtoto. Nayo husaliwa kila siku kwa miezi tisa, ila haina tendo la rozari. Zote mbili ni nzuri. Vurugu huanza pale kiongozi mmoja anapotangaza hii na mwenzake ile, watu wakaanza kubishana nani anasali kwa haki. Kikundi kichague moja, kiisali.

Sasa kalenda. Siku inayopendwa kuanzia ni 25 Machi, Sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria, kwa kuwa kutoka hapo hadi Noeli ni miezi tisa kamili: siku 275, au 276 ukihesabu siku zote mbili za mwanzo na mwisho. Ni tarehe hiyohiyo, 25 Machi 1995, ambayo Papa Yohane Paulo wa Pili alitia sahihi barua yake kuu juu ya Injili ya Uhai, ambamo alihimiza sala kubwa kwa ajili ya uhai duniani kote. Lakini mwaka mwingine 25 Machi huangukia Juma Kuu au Oktava ya Pasaka (siku nane za kwanza za Pasaka), na hapo sherehe huhamishwa hadi Jumatatu baada ya Dominika ya Huruma ya Mungu, yaani Dominika inayofuata Pasaka. Ilitokea mwaka 2024, ikaadhimishwa 8 Aprili, na itatokea tena 2027, itakapoadhimishwa 5 Aprili. Mwaka wa namna hiyo parokia ikipokea ahadi siku ya sherehe iliyohamishwa, miezi tisa haiishi Noeli. Aliyeanza 8 Aprili anamaliza 8 Januari. Tunalisema kwa sababu wapo wanaokata sala usiku wa Noeli kwa vile kadi imechapwa “25 Desemba”, na kadi hiyo ilitengenezwa kwa mwaka mwingine. Wala si lazima kungoja Machi. Siku yoyote ya mwaka inafaa; andika tarehe nyuma ya kadi, hesabu miezi tisa mbele, andika na ya mwisho.

Ahadi inaweza kutolewa kanisani, mbele ya padre, wote wakisoma fomula pamoja baada ya Misa, au nyumbani, peke yako, ukiwa umepiga magoti mbele ya msalaba. Kanisani inasaidia kwa sababu watu wanakumbushana. Mgonjwa aliye kitandani naye anaweza, na mtoto aliyekwisha kupokea Komunyo ya kwanza pia, ingawa kwa watoto tungeshauri wazazi wasali nao tendo hilo moja badala ya kumwachia mtoto mzigo wa kukumbuka siku 275.

Hapa tufike kwenye swali linaloulizwa kuliko yote: nikisahau siku moja je? Kusahau si dhambi. Dhambi ni kuidharau kwa makusudi ahadi uliyompa Mungu. Ukipitiwa siku mbili au tatu, endelea ulipoishia, na mwishoni ongeza siku zile ulizokosa. Aliyeanza 25 Machi akakosa siku sita baada ya kulazwa kwa malaria atamaliza 31 Desemba. Usijaribu kulipa siku sita kwa usiku mmoja, maana Salamu Maria 60 za haraka haraka zinakuwa adhabu tu. Ukiacha kwa muda mrefu, kama mwezi mzima, ahadi ile imekatika: mweleze muungamishi wako kama uliacha kwa uzembe, kisha utoe ahadi mpya na kuanza miezi tisa upya. Na mtoto uliyekuwa ukimwombea hajapotea kwa sababu yako. Tunaliweka wazi kwa kuwa kuna ujumbe wa simu unaosema “ukikatisha, mtoto anakufa na damu yake iko juu yako”. Huo ni uzushi. Uhai wa mtoto uko mikononi mwa Mungu, na Mungu hafanyi kazi kwa vitisho vya kusambaziana.

Kosa linalofuata kwa wingi ni nguvu ya soda. Siku ya ahadi watu wanaandika maazimio ya ziada mpaka kadi inajaa: rozari nzima, Rozari ya Huruma saa tisa mchana, kufunga Jumatano na Ijumaa kwa chai kavu na mkate, kuabudu Ekaristi saa nzima kila Alhamisi. Pentekoste inafika, kimebaki kichwa cha habari. Maazimio ya ziada yanaruhusiwa na ni ya hiari kabisa; ushauri wetu ni kuchukua moja, tena dogo linalouma kidogo. Kuacha waragi kwa miezi tisa ni azimio. Kuungama kila mwezi ni azimio. Kufunga kusifanywe na mama mjamzito au anayenyonyesha, wala mwenye kisukari anayetumia dawa. Sukari ikishuka akaanguka kanisani hakuna aliyefaidika.

Mtoto ni mmoja kwa kila miezi tisa. Hakuna kuchukua watano ili kuharakisha. Ukimaliza na ukitaka mwingine, unatoa ahadi mpya. Ya zamani haijirudii yenyewe.

Usimtafute huyo mtoto ni wa nani. Hili ni gumu kwetu kwa sababu tunapenda kuombea jina. Wengine humpa jina la siri, Kizito au Maria, ili sala isiwe ya hewani, na hatuoni ubaya. Ubaya unaanzia pale kundi la sala linapoandika kwenye WhatsApp kwamba binti fulani wa mtaa fulani ana mimba na anataka kuitoa, “tumwombee”. Ndani ya saa moja ujumbe umefika kwa baba yake, kwa mwalimu mkuu na kwa yule bodaboda wa kona. Binti aliyekuwa bado anasitasita sasa ana sababu ya kukimbilia kichochoroni. Kama unamjua msichana mwenye shida hiyo, muombee kwa siri na uende kumwona. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 22(2), inasema hakuna mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa isipokuwa kama sheria inavyoruhusu. Lakini kikundi cha sala hakikupewa kazi ya polisi.

Na katika maombi ya waamini, viongozi wachunge ulimi. Kati ya kina mama walioketi kwenye mabenchi wapo ambao mimba zao ziliharibika zenyewe wiki ya kumi au ya kumi na nne bila wao kufanya lolote. Ukisimama na kuomba “kwa ajili ya wanawake wanaopoteza watoto wao” bila kutofautisha, umewaweka wote kizimbani. Iombwe nia moja kwa watoto walio hatarini na wazazi wao, na nyingine, tofauti, kwa familia zilizofiwa na mtoto kabla hajazaliwa.

Kuna jambo ambalo wakunga walio kati yetu wameomba liandikwe kwa wino mzito. Sala haimzuii mama kwenda hospitali. Mama mjamzito anayetokwa damu, anayeumwa kichwa kikali na kuona giza, aliyevimba uso na mikono, mwenye homa, maji yake yamepasuka kabla ya wakati, au mtoto ameacha kucheza, aende kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama novena, ile sala ya siku tisa, iko siku ya nane. Anayesali asali ndani ya gari. Wapo wanaodhani kwamba mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikiondolewa kwa upasuaji, mama amekwenda kinyume cha imani. Mimba hiyo ikikaa kwenye mrija wa uzazi, mrija hupasuka na mama huvuja damu ndani kwa ndani. Mtoto hawezi kufikia kuzaliwa na mama anaweza kufa siku hiyo hiyo. Mafundisho ya maadili ya Kanisa yanaona kuuondoa mrija ulioharibika kuwa ni tiba ya mama. Vivyo hivyo kwa mama anayeishi na virusi vya Ukimwi: dawa zake ndizo zinazomkinga mtoto, na hakuna maombezi yanayotaka aziache.

Turudi kwenye rozari. Tendo la pili la Furaha ni Maria kumtembelea Elizabeti. Luka anasema Elizabeti alikuwa na mimba ya mwezi wa sita, na Maria alikaa kwake kama miezi mitatu. Miezi mitatu kwa mama mzee mwenye mimba ya kwanza ni maji ya kuchotwa, kuni, chakula cha kupikwa. Jumuiya ndogondogo inayosali ahadi hii inaweza kuanza na kitu cha namna hiyo, na haihitaji mfadhili. Kulingana na utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022, karibu msichana mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 15 hadi 19 hapa Uganda ameshaanza kuzaa au ni mjamzito. Yaani karibu kila jumuiya inaye mmoja.

Anachohitaji kinajulikana. Kwanza kliniki ya wajawazito kabla ya wiki 12. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tangu 2016 ni kuhudhuria mara nane, na msichana anayeficha tumbo kwa kawaida hufika mara ya kwanza akiwa mwezi wa sita, wakati upungufu wa damu umeshamla. Amsindikize mama mmoja tu anayemwamini. Wakienda watano anaona aibu. Pili, vifaa vya kujifungulia, ile Mama Kit: karatasi ya nailoni ya kutandika, glavu, pamba, nyembe, uzi wa kufungia kitovu, sabuni. Kituo cha serikali kinapaswa kuvitoa bure lakini mara nyingine vimekwisha, basi viwe tayari nyumbani kufikia mwezi wa saba. Tatu, nauli ya usiku. Uchungu haungoji mchana, na bodaboda wa saa nane usiku anataka hela mkononi. Kikundi cha watu 20 kikiweka shilingi 1,000 kila wiki, katika mwezi kina shilingi 80,000. Kiasi hicho kikae kwa mtu anayelala karibu na huyo binti. Kikikaa kwa mweka hazina anayeishi kilima cha pili, saa ya haja hakitafika. Nne, shule. Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mwaka 2020 unaomruhusu msichana kurudi masomoni baada ya kujifungua. Wazazi wengi hawaujui, na baadhi ya walimu wakuu wanajifanya hawaujui. Mwalimu mmoja Mkatoliki katika jumuiya akilisemea hilo mapema, hofu moja kubwa ya binti imepungua.

Na yule aliyekwisha kutoa mimba? Anapoona wenzake wanapokea kadi za ahadi, anajiona hana haki ya kushiriki. Anayo. Aende kuungama kwanza. Wengi bado wanaamini kuwa dhambi hiyo inaondolewa na askofu peke yake. Papa Fransisko, kwa barua aliyoitoa tarehe 20 Novemba 2016 kufunga Mwaka wa Huruma, aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuiondoa, na mamlaka hayo bado yapo. Adhabu ya kutengwa inayoambatana na kosa hilo, ambayo baada ya marekebisho ya 2021 iko kwenye kanuni ya 1397 ya Sheria za Kanisa, haimshiki papo hapo aliye chini ya miaka 18 wala aliyetenda kwa kusukumwa na hofu kubwa, ingawa dhambi yenyewe bado inahitaji kitubio. Kumbe binti wa miaka 16 aliyeshurutishwa na jamaa zake asiambiwe kanisani kuwa “ametengwa”. Anayesema hivyo hajui sheria anayoitaja.

Sasa tuseme miezi imekwenda na mtoto amezaliwa, ila amezaliwa njiti, au hakulia, na muuguzi anatikisa kichwa. Hapa ndipo watu waliosali miezi yote wanasimama mlangoni mwa wodi wakipiga simu kumtafuta padre, na padre yuko kigangoni, kilomita thelathini. Hawajui kwamba wao wenyewe wanaweza kubatiza. Katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, mwanamume au mwanamke, hata asiye Mkristo, mradi akusudie kufanya kile ambacho Kanisa linafanya. Ndivyo inavyosema kanuni ya 861. Kwa Wakatoliki wa Uganda hili lisingepaswa kuwa geni: Mei 1886 kule Munyonyo, Karoli Lwanga, mlei aliyekuwa amebatizwa miezi michache tu kabla, ndiye aliyembatiza Kizito na wakatekumeni wenzake, yaani wanaojiandaa kubatizwa, walipojua kuwa kifo kimewakaribia.

Maji yawe maji ya kweli: ya bomba, ya mvua, ya kisima, ya chupa. Si lazima yawe ya baraka. Maziwa, mate, mafuta, juisi havifai. Kwa mtoto njiti yawe vuguvugu, kwa sababu njiti hupoteza joto upesi na maji ya baridi yanaweza kumzidishia hatari. Kijiko kimoja cha chai kinatosha, au bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo wakunga hulipendelea kwa kuwa unaona maji yanakwenda wapi. Geuza kichwa kidogo upande ili maji yasiingie puani, tenga nywele kama ni nyingi, kisha mimina kwenye ngozi ya kichwa mara tatu huku ukisema: “(Jina), ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Maji yatiririke. Kumpaka kidole kilicholowa au kumgusisha pamba yenye unyevu kunaleta shaka, maana hakuna kilichotiririka. Kama kichwa kimefunikwa na mashine ya hewa, tafuta sehemu ya kichwa au paji iliyo wazi bila kugusa mipira, na umwombe muuguzi ruhusa kwanza. Ukimaliza mkaushe, mvike kofia, arudi kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi.

Makosa ni yaleyale. Bibi anamimina maji, katekista anasema maneno: hapana, mtu mmoja afanye yote mawili, kwa wakati mmoja. Mwingine anasema “sisi tunakubatiza” ili kuishirikisha familia. Tamko la Roma la 6 Agosti 2020 lilisema ubatizo wa maneno hayo si halali. Mapacha wanamiminiwa pamoja kama kitu kimoja: kila mmoja abatizwe peke yake na jina lake. Na kuhusu jina, msipoteze dakika mkitafuta mtakatifu kwenye kalenda. Kanuni ya 855 inakataza tu jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Wasswa na Kato yanatosha.

Kabla ya yote hayo muulize mama. Katika wodi zetu mama wa kitanda cha pili anaweza kuwa Mwislamu au Mprotestanti, na kumbatiza mtoto wa mtu kinyemela ni kuzua ugomvi ambao kituo hakitausahau.

Mtoto aliyekwisha kufa habatizwi. Mkabidhini kwa huruma ya Mungu, kama Katekisimu inavyofundisha katika namba 1261. Ikiwa hamna hakika kama bado yu hai, abatizwe kwa sharti: “Ikiwa u hai, ninakubatiza…” Na mimba iliyoharibika, kama kijusi kimetoka kikiwa hai, kibatizwe pia kadiri inavyowezekana, kanuni ya 871.

Baadaye andikeni kwenye karatasi jina la mtoto, la wazazi, tarehe, mahali, aliyebatiza na shahidi mmoja, na karatasi hiyo ifike kwa paroko ndani ya siku chache ili jina liingie kitabuni. Mtoto akipona anapelekwa kanisani kukamilishiwa taratibu za ibada ya ubatizo, yaani kupakwa krisma, vazi jeupe na mshumaa; habatizwi tena. Wanaoficha kuwa alibatizwa wodini ili wafanye sherehe kubwa wanamletea padre matatizo asiyostahili.

Akifa baada ya kubatizwa, ana haki ya maziko ya Kanisa kama Mkristo mwingine yeyote. Akifa kabla, na wazazi walikuwa wamekusudia kumbatiza, askofu anaweza kuruhusu maziko ya Kanisa kwa kanuni ya 1183. Paroko ndiye atakayeomba ruhusa hiyo. Hata kwa mimba iliyoharibika mapema, familia inaweza kuomba kukabidhiwa mwili mdogo huo iuzike nyumbani. Ila ombi lifanywe mara moja, kabla wodi haijasafishwa, kwani vituo vingi vina shimo la kondo la nyuma, na kilichoingia humo hakitoki. Mtu mmoja wa familia asimame na mkunga wa zamu amwambie waziwazi: tunamtaka, tunaomba kitambaa safi.

Tunawaomba maparoko mambo mawili. Ahadi za Machi zikipokelewa, katekista atenge dakika kumi za kuwafundisha waliokuja namna ya kubatiza, kwa kikombe cha maji na mwanasesere. Na karatasi yenye maneno ya ubatizo kwa Kiswahili na Kiganda, pamoja na namba ya simu ya parokia, ibandikwe katika wodi ya uzazi ya kila kituo kitakachokubali. Kunakili kadi ya ahadi ni shilingi mia mbili au tatu, na parokia inazimudu. Ukikuta mtu anaiuza elfu tano pamoja na rozari “iliyoombewa maalumu”, nunua rozari kama unaihitaji, kadi iache.

Makatekista na wakunga Wakatoliki,
Kampala